Mzee Bado na Buluu Aliyoitafuta

Ndugu, majirani, na mafundi mliokuja leo na nguo za pamba kama alivyowazoesha, ahsanteni kwa kuja kumsindikiza. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Bado. Jina hilo alilipata kwa mkewe, ambaye hakukusudia kumpa, na alilibeba mpaka mwisho bila kununa. Wasifu huu umeandikwa na mjukuu wake na umepitiwa na Bibi, mjane wa marehemu, neno kwa neno. Bibi alifuta sentensi nne alizosema zina sukari nyingi, akaongeza moja.

Marehemu alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano. Mama yake alikuwa mpishi wa bweni la shule. Baba yake alikuwa mtunza taa wa reli. Kazi yake ilikuwa kupanda ngazi na kufuta vioo vya taa za ishara, chekundu na cha kijani. Dada yake mkubwa, aliyeketi mbele yetu, anakumbuka kwamba marehemu akiwa na miaka minne alimuuliza baba yao kwa nini reli haina taa ya buluu. Baba alimjibu kwamba buluu haiendi mbali; dereva angeipita asiione. Mtoto akasema basi atatengeneza moja inayokwenda mbali. Baba akamwambia amalize uji kwanza.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, katika shule iliyokuwa ng'ambo ya reli, na akamaliza sekondari mwaka 1969 akiwa wa pili katika sayansi. Somo lililomwamulia maisha lilikuwa la dakika arobaini tu. Mwalimu alichovya waya katika chumvi ya mezani, akauweka kwenye mwali, na mwali ukageuka manjano. Alieleza kwamba chembe za kitu zikipata joto hubeba nguvu zaidi ya kiasi chao, na zikiitua hutoa mwanga. Na kila kitu hutua mzigo wake kwa rangi yake. Marehemu alirudi nyumbani akamwaga kopo zima la chumvi jikoni, kijiko kimoja kimoja, ndani ya makaa. Kwa siku tatu familia ilikula chakula kisicho na chumvi. Aliyelalamika, mama yake alimwambia, "Muulizeni ndugu yenu. Chumvi yenu ameila kwa macho."

Siku ya Jumatatu, tarehe 14 Septemba 1970, aliajiriwa katika karakana ya fataki iliyo nje ya mji, na hakuwahi kufanya kazi mahali pengine. Wasiowahi kufika huko hudhani ni kiwanda kikubwa chenye kelele. Ni vibanda kumi na kimoja vilivyotawanywa uwanjani kama watu waliogombana. Kila kibanda kina kuta nene za udongo na paa jepesi la bati, ili likitokea la kutokea moto upande juu usiende kwa jirani. Kibanda kimoja hakiingii zaidi ya watu wawili. Mlangoni kuna kipande cha shaba kilichounganishwa na ardhi, na kila anayeingia hukigusa kwa kiganja, kwa sababu umeme mdogo unaokaa mwilini, ule unaokushtua ukivua sweta, unatosha kuwasha baruti. Kwa sababu hiyohiyo hakuna nailoni. Marehemu alibandika kipande kama hicho kwenye mlango wa nyumba yake pia, na hakuna mgeni aliyeingia bila kukigusa. Waliokuja kutupa pole wiki hii wamekigusa wote, hata wale waliokuwa wakilia.

Fundi Mkuu wa wakati ule alimpa kazi ya nyota. Nyota, kwa mafundi hawa, ni vidonge vigumu vya ukubwa wa harage, vilivyokandwa kwa dawa ya rangi na kukaushwa kivulini. Hupangwa ndani ya tufe la karatasi ngumu, na katikati huwekwa mbegu za pamba zilizoviringishwa katika baruti, yaani shura, mkaa na salfa. Mbegu huacha nafasi kati yake, na moto hupita humo haraka ukazigusa nyota zote kwa pamoja. Tufe huteremshwa ndani ya bomba. Utambi ukiwashwa, baruti ya chini hulirusha, na wakati huohuo utambi mfupi wa ndani huanza kula sekunde zake. Tufe likifika juu kabisa, pale linapokaribia kusimama, utambi wa ndani uwe umefika kwenye mbegu. Ukiwahi, limepasuka njiani. Ukichelewa, linapasukia vichwani mwa watu. Yapo pia matufe yanayopasuka sawasawa lakini nyota zake zisishike moto. Husikika mlio tu, giza likabaki giza. Hizo mafundi huziita nyota vipofu, na hakuna aibu kubwa kwa fundi kuliko hiyo.

Katika miaka mitano marehemu alizimudu rangi zote. Strontiamu ilimpa nyekundu, bariamu ikampa kijani, na sodiamu, ile ya kopo la mama, ikampa manjano. Shaba ndiyo hutoa buluu, na shaba ilimgomea. Ilitoka kijivu, au kijani cha maji ya bwawa, au nyeupe.

Mbegu za pamba ndizo zilizomletea mke. Mwezi Juni 1975 alitumwa kiwanda cha nguo kuomba mbegu za kutupwa, akapita kwenye chumba cha rangi. Pale alikuwako dada mmoja mlinganishaji, ambaye kazi yake ilikuwa kuweka kitambaa cha mfano kando ya nguo iliyotoka kwenye pipa na kusema kama rangi zimekuwa moja. Kiwandani walikuwa na desturi yao. Zikilingana, mlinganishaji hukipasua kitambaa cha mfano katikati, nusu ikashonwa kwenye nguo, nusu ikawekwa kwenye droo ya meza. Zisipolingana, hakigusi. Kitambaa kilichopasuka hakirudi kupima tena, kwa hiyo mlinganishaji hapasui kwa kumwonea mtu haya. Siku ile alikuwa ameshika kitambaa cha buluu.

"Dada, hiyo umeipataje?" marehemu aliuliza.

"Nimeichovya. Wewe umefuata mbegu au rangi?"

Alimweleza anachofanya, na kwamba buluu inamshinda. Yule dada alimtazama vidole vilivyopakaa mkaa, akacheka. "Buluu haichomwi, kaka. Buluu huchovywa."

Marehemu alirudi kufuata mbegu mara tatu wiki ileile, mpaka Fundi Mkuu akauliza kama wanafungua shamba. Mara ya tatu dada alikata kipande cha kitambaa kile cha buluu, akabaki nacho yeye mwenyewe, akasema siku atakapoona moto wa rangi hiyo atakipasua. Walifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 6 Agosti 1977, bibi harusi akiwa na gauni la pamba tupu. Mama mkwe alitaka kujua mkwe wake anatengeneza kitu gani kinachodumu. Marehemu, ambaye hakujua kudanganya, alijibu kwamba kazi yake hudumu sekunde tatu.

Wakajaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume. Kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi, giza likishaingia, karakana ilijaribu matufe mapya uwanjani. Marehemu na mkewe walitazama kutoka kwenye ngazi za tangi la maji, mita mia saba kutoka kwenye mabomba, kwa sababu rangi huhukumiwa kwa mbali. Watoto walifundishwa kuhesabu hapo hapo. Mwanga unafika papo hapo, mlio unatembea. Ukiona nyota, hesabu moja, mbili, ndipo usikie mlipuko. Kisha wote walimgeukia mama. Naye, kitambaa mkononi na tochi ndogo, alitazama kitambaa, akatazama pale angani ambapo moto ulikuwa, akasema, "Bado."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyosema mtu anayeonja mchuzi. Siku moja, asubuhi baada ya majaribio, mrusha matufe alimsikia marehemu akiulizwa, vipi buluu, akajibu, "Mama amesema bado," na kuanzia hapo jina likamganda. Mwaka 1988 alipopandishwa kuwa Fundi Mkuu, hata barua ya pongezi kutoka kwa wenzake iliandikwa hivyo. Jirani mmoja aliwahi kumshauri Bibi amwambie tu ndiyo, mzee wa watu apumzike. Bibi alimjibu kwamba anayetaka kudanganywa angeoa mwanamke asiyejua rangi.

Nyumba yao, wajukuu wanaikumbuka, ilikuwa na harufu ya sabuni na karatasi ya gundi. Alikuwa mpole mpaka akaudhi. Mtoto wake wa kiume alipovunja redio, marehemu alikaa naye sakafuni mpaka wakajua imevunjika wapi, wala hakuuliza nani kaivunja. Alipenda chai ya moto sana na hakuinywa ikiwa moto. Alikuwa akisahau siku za kuzaliwa za watu, lakini alijua kwa kichwa uzito wa kila kidonge alichowahi kukanda.

Mwaka 2004 aligunduliwa kuwa na kisukari. Alikitii kwa miaka, lakini kikamwingia machoni. Kwanza alipoteza maandishi madogo, halafu nyuso, halafu rangi zilizofifia. Tarehe 3 Oktoba 2011 alisoma "kijani" kwenye kopo lililoandikwa "nyekundu". Hakuna aliyemwona. Aliliweka kopo chini, akatoka, akagusa shaba ya mlangoni ingawa alikuwa anatoka, akaenda kuweka ufunguo wake mezani kwa meneja. Tangu siku hiyo hakukanda tena kwa mikono yake. Mwanafunzi wake, yule mama ambaye leo ndiye Fundi Mkuu, alikanda ndani, na yeye akakaa kwenye stuli nje, mbali kwa kadiri ya sheria, akimtajia vipimo kwa sauti. Kila mtu alijua wanachokimbiza. Macho yake yalikuwa yanazima, na buluu haijapatikana.

Alijua tangu zamani kwamba buluu haipendi joto kali. Shaba hutoa buluu ikiwa imeshikana na klorini ndani ya mwali, na joto likizidi, mshikano huo huvunjika na rangi ikapauka. Lakini joto likipungua mno, nyota hufifia au isiwake kabisa, na karakana ilitaka nyota za kuonekana. Kwa hiyo kila alipopunguza moto alipunguza kidogo tu, kisha woga wa nyota vipofu ukamrudisha. Karibu miaka arobaini alizunguka hapo hapo, kama ng'ombe kwenye kigingi.

Alhamisi ya tarehe 28 Machi 2013 walikaa kwenye ngazi zao. Wakati huo alibaki anaona mwanga mkali tu, kama doa nyuma ya pazia. Tufe likapanda, likapasuka. Bibi aliona buluu iliyopauka, nzuri, lakini si ile ya kitambaa. Akamtazama mumewe. Alikuwa ameinua uso, mdomo wazi kidogo, akingoja.

Bibi alimdanganya. Hii ndiyo sentensi aliyoiongeza.

"Ndiyo hii, Baba," alisema. Vidole vyake vilishika kitambaa pande zote mbili ili vikipasue, vikakataa.

Marehemu aliuacha mlio ufike na kupita. Kisha akasema taratibu, "Mama, hii nimeiona hata mimi."

Bibi alizima tochi yake ndogo.

"Buluu haiendi mbali. Kama macho haya yameiona, basi ni moto mtupu umevaa shati la buluu." Akampapasa mkono mpaka akafikia kitambaa. "Na hiki mbona kizima?"

Bibi alilia njia nzima ya kurudi, kwa aibu, maana katika maisha yake ya kazi hakuwahi kuipitisha rangi isiyolingana. Marehemu hakulia. Alikuwa anatembea haraka, akajikwaa mara mbili. Kesho yake, kabla ya chai, aliomba apelekwe karakana. Alikuwa amepata kipimo ambacho hakuna chombo kingine kingeweza kukitoa: macho yake mwenyewe. Alimwambia mwanafunzi wake watoe unga wa chuma chepesi unaong'arisha, wapunguze moto, na wasisimame kwa woga. Wapunguze mpaka yeye asione kitu.

Mwezi Aprili aliona doa. Mei aliona doa. Juni mvua ilizuia. Julai, Agosti na Septemba doa liliendelea kupungua, na kila mara Bibi alisema "Bado," sasa kwa sauti ndogo zaidi, kwa sababu alijua amelipoteza jambo moja. Siku ikifika marehemu haoni kitu, itakuwa ama buluu ama nyota vipofu, na atalazimika kumwamini mlinganishaji aliyewahi kumdanganya. Oktoba walisikia mlio, naye hakuona kitu. Akauliza. Bibi akasema ni vipofu. Marehemu akatikisa kichwa, akasema kwamba basi vipofu tumekuwa wengi hapa, na wakaenda nyumbani wakicheka, ingawa Bibi anasema kicheko chake mwenyewe kilikuwa cha kuazima.

Alhamisi ya tarehe 28 Novemba 2013 hakukuwa na upepo. Mwanafunzi alikuwa amerudisha chembe chache tu za kuamshia moto kwenye ngozi ya kila nyota, ili nyota iwake kwa nje kisha iungue polepole kwa ndani. Mrusha matufe alipiga filimbi. Tufe likapanda. Marehemu aliinua uso na hakuona kitu. Akahesabu kwa sauti, kama alivyokuwa akiwahesabia watoto. Moja. Mbili. Mlio ukaja.

"Mama," akauliza, "ni vipofu?"

Juu ya uwanja ile rangi ilikuwa bado inashuka, polepole kuliko nyota zote alizowahi kuona, ya kina, bila hata chembe ya weupe, ni gauni lililofunguliwa angani. Bibi alijua kwamba hata angesema, neno lake lilikuwa limeshapungua thamani. Basi alifanya lile ambalo mlinganishaji hafanyi kwa kumwonea mtu haya.

Marehemu alisikia pamba ikipasuka, kavu, kuanzia pindo mpaka pindo.

Chini uwanjani mafundi walikuwa wanashangilia, na mrusha matufe alikuwa anapiga filimbi bila sababu. Bibi alimwekea nusu ya kitambaa kiganjani. Marehemu alipitisha kidole gumba kwenye nyuzi zilizokatika, akarudia, akarudia tena. "Imekwenda mpaka chini?" aliuliza. Akaambiwa ndiyo, ilizima ikikaribia kugusa majani. "Na hukunionea huruma?"

"Nimekipasua," Bibi akajibu. Hilo lilimtosha.

Alistaafu tarehe 31 Desemba 2013. Dawa ile imeandikwa katika daftari la karakana kama namba kumi na saba, kwa mwandiko wa mwanafunzi wake, na mahali pa aliyethibitisha pamewekwa saini ya Bibi. Wateja wengine hulalamika kwamba haiwaki sana. Fundi Mkuu huwaambia wasogee.

Miaka kumi ya mwisho aliishi gizani bila manung'uniko. Aliwafundisha wajukuu kuhesabu radi. Mmoja wao, aliyemaliza shahada ya kemia mwaka jana, alimletea mchoro wa mwanga wa namba kumi na saba uliopimwa kwa mashine ya chuo, ukionyesha mstari wa buluu pale pale unapotakiwa kuwa. Marehemu alimshukuru sana, akamwomba amsomee, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mashine nayo imejitahidi.

Mwishoni mwa mwaka 2023 figo zake zilidhoofika, akawa anapelekwa kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Jumapili iliyopita aliwaita watoto wake, akaagiza asirushiwe fataki siku ya mazishi, kwa sababu mazishi ni mchana, na kurusha nyota mchana ni kuzionea. Alifariki dunia nyumbani, siku ya Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi, Bibi akiwa kando yake anakunja mashuka. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Marehemu ameacha mjane, binti yake ambaye ni mwalimu wa hesabu, mwanawe wa kiume ambaye ni fundi umeme, wakwe wawili, wajukuu watano, dada yake mkubwa, shemeji zake, na Fundi Mkuu, ambaye Bibi ameagiza atajwe pamoja na watoto.

Nusu ya kitambaa Bibi ameishonea ndani ya mfuko wa shati la pamba alilovishwa. Nusu ya pili anayo mkononi hivi sasa. Anayetaka kuiona buluu ya Mzee Bado, akimaliza kutoa heshima zake, aende alipoketi Bibi. Asogee karibu, maana haiendi mbali.

Umemaliza kazi, Babu. Pumzika, na amani ikukae karibu.